Kilo Tisa za Mguu wa Kulia

Tarehe 4 Februari

Mdogo wangu Fundi,

Mimi mzima, mgonjwa ni Kifaranga, gari letu. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hunisikilizi, unanikatiza kabla sijavuta pumzi. Soma mpaka mwisho ndipo ubishe.

Jumanne nilikuwa natoka kumpima mama mwenye mimba ya mapacha ng'ambo ya bonde. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi na maji yalikuwa yanapita juu ya barabara pale chini kwenye daraja dogo. Nikayakata polepole, kama Baba alivyotufundisha. Nilipofika kwenye kona ya kinyozi nikakanyaga breki, na gari likaendelea na safari zake kana kwamba sijasema kitu. Lilisimama hatua mbili kutoka mlangoni kwake, na mteja yumo ndani na povu usoni. Kinyozi hajaitikia salamu yangu tangu siku hiyo.

La pili, injini inazimika kila nikisimama. Watu wakivuka barabara nasimama, nayo inazima. Nawasha, naenda, nasimama, inazima. Wanaonipigia honi nyuma nimeshawazoea.

Nitumie breki shuu mpya za dramu za mbele, na unieleze hilo la injini. Kinamama wanne wanatarajia kujifungua mwezi huu, watatu wako ng'ambo ya bonde, na gari jingine la kufika huko halipo. Bila Kifaranga nitafika mtoto ameshaota meno.

Msalimie wifi.

Dada yako,
Mkunga


Tarehe 12 Februari

Dada,

Shikamoo. Nimesoma mpaka mwisho, mara mbili, kama ulivyoamuru.

Breki shuu sikutumii. Miaka thelathini nafunga breki za watu, na barabara yako ile, mteremko, kisha maji, kisha kona, si ya dramu tena. Dramu ni sufuria iliyofunikwa. Breki shuu zimo ndani, maji yakiingia yanakaa, joto likiingia nalo linakaa. Diski iko wazi. Inalowa, inazunguka mara mbili tatu, imekauka, na pedi zinaibana huku na huku kama vidole vinavyoshika sahani. Ninazo diski mbili na kalipa zake za kubania pedi, nilizitoa kwenye gari la ukoo mmoja na Kifaranga. Ziko kwenye rafu yangu, nimezifunga kwa gazeti na kuandika juu yake: za Dada.

Injini kuzimika ni kabureta. Ile skrubu ndogo ya ubavuni izungushe nusu mzunguko. Isiposikia, ongeza robo.

Leta gari. Kazi yenyewe ni siku mbili na nitaifanya kwa mikono yangu, simwachii mtu. Sitaki nipigiwe simu na kinyozi.

Mdogo wako,
Fundi


Tarehe 20 Februari

Mdogo wangu,

Kwanza hongera, mwandiko wako umetulia uzeeni. Mwalimu wetu wa darasa la tatu angelia kwa furaha, maskini, jinsi alivyohangaika nao.

Kabureta nimeizungusha nusu, nikaongeza robo. Sasa injini inanguruma kama mashine ya kusaga, na nikisimama inazima vilevile.

Kuhusu diski, sitaki. Hili ni gari la Baba. Alilinunua lina dramu, akalitunza lina dramu, akatuacha nalo lina dramu. Jirani yangu, mwalimu mstaafu wa hesabu, ana gari kama hili hili alilolifungia diski. Nililijaribu na sikulipenda, basi. Breki za kulowa nitazikausha kama zamani, kwa kukanyaga kidogo kidogo baada ya maji. Siku ile nilisahau, ni uzee tu.

Nimekufungia kifurushi. Ndani kuna breki shuu za zamani zilizobaki stoo, upate kipimo, na mpira wa pedeli ya breki, umelika mpaka kiatu kinateleza. Nitafutie mwingine kama huo.

Mapacha wamezaliwa salama, mmoja analia, mwingine anamtazama.

Dada yako,
Mkunga


Tarehe 1 Machi

Wifi yangu mpenzi,

Hii barua ni yangu mimi, na mdogo wako hajui kama naiandika. Yuko gereji.

Mwandiko uliousifu ni wangu. Alicheka uliposema habari ya mwalimu wa darasa la tatu. Tangu mwaka jana yeye anasema, mimi naandika. Mikono yake inatetemeka, wifi. Kikombe cha chai namjazia nusu. Spana kubwa anaishika vizuri, lakini zile spring za ndani ya dramu, za kuvuta kwa koleo mpaka kindoano kiingie kwenye tundu, zimemshinda. Namwona anajaribu mara tano, mara sita, spring inaruka inaangukia chini ya meza, anainama kuitafuta muda mrefu kuliko inavyohitajika. Siku hizi magari ya dramu anawaachia wenzake.

Diski anaziweza. Ni boliti kubwa mbili na pedi za kuchomeka. Ni kweli diski ni nzuri kwa barabara yako, hilo hakukudanganya. Lakini pia hataki gari la Baba yenu liguswe na mkono mwingine akiwa hai, na diski ndizo breki pekee anazoweza kukufungia mwenyewe.

Nakuomba ukubali. Na usimwambie kama nimekwambia, nitakosa pa kulala.

Wifi yako


Tarehe 9 Machi

Mdogo wangu,

Nimefikiri nimeona umesema kweli. Kona ile ni mbaya. Funga diski.

Lori la mbao linakuja huko mwisho wa mwezi, dereva amekubali kumbeba Kifaranga. Nitakuja naye. Zifunge wewe mwenyewe.

Dada yako,
Mkunga


Tarehe 10 Machi

Dada,

Kifurushi kimefika jana. Breki shuu ziliniambia nilichotarajia. Mpira wa pedeli ndio ulioniweka macho.

Mtu anakanyaga breki kwa mguu wa kulia. Mguu unatokea upande wa petroli, unaanza kugusa ukingo wa kulia, na huko ndiko mpira unakolika. Nimebadilisha mipira hiyo kwa mamia na yote imelika kulia. Wako umelika kushoto.

Nikakaa nao na kuuzungusha mkononi. Anayekanyaga breki kwa mguu wa kushoto hana tena mguu wa kukanyaga klachi. Asipokanyaga klachi na gari likasimama, injini lazima izime, hata kabureta ingekuwa mpya kutoka kiwandani. Nimeisingizia kabureta ya watu. Irudishe skrubu ilipokuwa.

Dada, mguu wa kulia una nini?

Kama ni mguu, basi naelewa na kwa nini hutaki diski. Diski haijisaidii, nguvu yote inatoka kwa anayekanyaga. Nitakufungia dramu. Nitapata njia.

Mdogo wako,
Fundi


Tarehe 19 Machi

Mdogo wangu,

Barua zetu zimepishana njiani. Mimi nakubali diski, wewe unakubali dramu. Baba angetuita wajinga wawili na kutuita tule.

Mguu ulianza kulegea mwaka jana, baada ya ule mgongo niliokwambia umepona. Haukupona. Daktari anasema neva imebanwa, mguu hautarudi kama zamani, huenda ukabaki hivi, huenda ukazidi kushuka. Natembea vizuri, ngazi tu ndizo zinanisema. Lakini breki ya kushtukiza siiwezi kwa kulia. Dramu zilikuwa zinanibeba. Si unakumbuka Baba alivyotuonyesha kwa sufuria na kitambaa, kwamba breki shuu ikishagusa tu, dramu inayozunguka inaivuta yenyewe izidi kukaza? Ndivyo nilivyokuwa naishi. Gari la mwalimu nililisimamisha kwa miguu yote miwili, naye akacheka akidhani namtania.

Sasa nikwambie kwa nini nilificha.

Unajua ni mimi niliyemnyang'anya Baba ufunguo. Macho yalikuwa yamekwisha, alikuwa ameshagonga geti mara mbili, ilibidi. Alinipa bila neno. Hapo sijuti. Ninachojutia ni kwamba nilichukua ufunguo nikachukua na gari, na sikumpeleka popote. Nilikuwa na kazi. Miaka miwili alitoka kila asubuhi akafuta vioo vya gari nililoliegesha, akarudi kukaa kwenye kiti chake. Siku moja aliniuliza kama naelekea upande wa sokoni. Nilimwambia nimechelewa. Hakuniuliza tena, na mwaka huo ukaisha akiwa hayupo.

Naogopa kukaa kwenye kiti kile. Nikikosa gari nakosa wale kinamama, na nikiwakosa sijui nitaamkia nini. Usinifanyie nilichomfanyia Baba.

Na wewe, mikono ina nini? Usiulize nani kaniambia. Nimeona kadi za kliniki za wanawake elfu moja, mwandiko wa mke wa mtu naujua.

Dada yako


Tarehe 27 Machi

Dada,

Wifi yako amenisomea mstari wako wa mwisho, kisha akageuka kutazama ukuta. Namjua, lakini nimeamua kukuamini wewe.

Mikono inatetemeka, ndiyo. Kazi kubwa naweza, ndogo siwezi. Nilikuwa naona aibu kukwambia, kwa sababu ni wewe uliyewaambia watu wote kwamba mdogo wako anaweza kufunga saa akiwa amefumba macho.

Tuache aibu, tufanye hesabu. Chukua ile mizani yako ya kuning'iniza watoto. Ifunge kwenye ukingo wa meza, tia kitanzi cha kitambaa kwenye ndoano, ingiza unyayo, kaa kwenye kiti na usukume chini kama unakanyaga breki. Niandikie namba. Diski peke yake inataka kilo thelathini hivi kusimamisha gari ghafla. Dramu, kumi na nane.

Kuna njia ya tatu. Magari makubwa yana lile kopo jeusi linalovuta kwa upepo wa injini na kuusaidia mguu. Nimeliona moja dogo kwenye gari bovu la kubebea mikate. Sikulitaja mwanzo kwa sababu mguu wako ninaoujua mimi ni ule uliovunja mlango wa stoo ulipojifungia ndani. Kwa diski na kopo, kilo saba zitatosha.

Namba, Dada, si hadithi.

Mdogo wako,
Fundi


Tarehe 4 Aprili

Mdogo wangu,

Kilo ishirini na mbili.

Dada yako


Tarehe 11 Aprili

Dada,

Huo ni mguu wa kushoto.

Mdogo wako


Tarehe 18 Aprili

Mdogo wangu,

Nilikaa na mizani hiyo asubuhi nzima. Imepima watoto wangu wote na haijawahi kumwongopea mama hata mmoja, halafu mimi nikaitumia kukudanganya wewe.

Mguu wa kulia ni kilo tisa. Nimepima mara tatu.

Ukiona ni kidogo mno, niambie wewe mwenyewe, usimpe wifi aniandikie kwa maneno matamu. Na kama ni hivyo, gari nitalifunika.

Dada yako


Tarehe 25 Aprili

Dada,

Tisa ni zaidi ya saba. Kopo nimeshalifungua kwenye gari la mikate.

Lakini tukubaliane. Kila tarehe moja ya mwezi utapima mguu wa kulia na kuniandikia. Sitakuja kukagua, sitamuuliza mwalimu wa hesabu. Ikishuka chini ya saba, ufunguo utanitumia mwenyewe. Sitakuomba na sitakunyang'anya. Mpaka siku hiyo endesha.

Mpande lori la mbao, wewe na Kifaranga. Kitanda kipo tayari, na wifi yako anasema usilete chakula cha njiani.

Mdogo wako,
Fundi


Tarehe 20 Mei

Mdogo wangu na wifi,

Nimefika nyumbani. Jana nilitelemka bonde lote, nikayakata maji, nikakanyaga pale kwenye kona kwa mguu wa kulia, na Kifaranga akasimama kama mtoto aliyeitwa jina lake. Injini haikuzima, maana mguu wa kushoto ulikuwa kazini kwake kwenye klachi. Kinyozi alitoka nje na kitana mkononi. Ameniitikia salamu.

Zile siku nne za gereji kwenu nazifikiria sana. Tulipotoa upepo kwenye breki nilikumbuka utotoni, mimi nimekaa kwenye pedeli kwa kuwa miguu yangu ndiyo iliyofika, wewe umelala chini kwenye kinati, Baba amesimama katikati. "Kanyaga. Shika. Achia." Safari hii wewe ndiye uliyekaa juu, mimi ndiye niliyelala kwenye boksi na kuzungusha kinati kile kidogo, vidole vyangu bado vinaweza. Nilisikia sauti yako ikisema shika, nikadhani ni ya Baba. Nilikaa chini ya gari muda mrefu kidogo. Sikuwa natafuta spana.

Wifi, pale uani uliendesha vizuri. Klachi iachie polepole tu, usiitupe. Endelea kujifunza.

Dada yenu


Tarehe 1 Juni

Tisa. Mtoto wa kike, kilo tatu na robo, mama anakushukuru kwa breki ingawa nilimweleza hakuelewa.

Dada


Tarehe 1 Septemba

Tisa, au tisa kasoro kidogo. Niandikie tisa.

Dada


Tarehe 9 Septemba

Nimekuandikia nane na nusu. Mimi na wifi yako tunakupenda.

Mdogo wako


Tarehe 1 Januari

Nane. Mwalimu wa hesabu amekuja kuangalia kopo langu, anataka na yeye. Nimemwambia fundi wangu hapokei mtu.

Dada


Tarehe 1 Aprili

Saba na robo. Usiniandikie kitu mwezi huu, nitakuandikia mimi.

Dada


Tarehe 1 Mei

Mdogo wangu,

Sita na nusu.

Nimepima jana, nikalala, nikapima leo kabla ya chai na baada ya chai. Nikapima na wa kushoto ili nijifariji. Mizani haina kosa.

Ufunguo umo ndani ya bahasha hii, umefungwa kwenye kitambaa kilekile cha mizani. Nimefuta vioo kabla ya kuutoa. Nilikuwa nafikiri nitalia, nimelia kidogo, si sana. Mwaka mzima nimefika kila mahali nilipoitwa, watoto kumi na tisa, na hakuna mtu aliyetoka kwenye kiti cha kinyozi akikimbia. Baba hakupata mwaka kama huo. Kama ningejua, ningempimia na yeye.

Mama mmoja ng'ambo ya bonde bado wiki tatu. Nitaangalia nitafikaje. Usijisumbue.

Msalimie wifi. Mwambie aendelee kujifunza.

Dada yako,
Mkunga


Tarehe 8 Mei

Dada,

Samahani kwa mwandiko, huu ndio wangu. Nimekataa wifi yako asiniandikie. Karatasi hii ni ya nne.

Ufunguo umefika. Leseni ya wifi yako pia imefika, mwezi uliopita, alikuwa anangoja aibu imwishe ndipo akwambie. Gereji nimewaachia wenzangu. Tunakuja na mabegi makubwa, utapisha chumba cha nyuma.

Jumamosi saa tatu asubuhi uwe umevaa viatu. Wifi yako ndiye dereva. Mimi nakaa nyuma, kiti cha mbele ni chako na begi lako la kazi. Tunampima mama wa ng'ambo ya bonde.

Halafu tutapitia sokoni.

Mdogo wako